Mteja amerudisha chapa yangu akidai ni "nakala tu"

Mchongaji wa Sakina ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa, na kwa wakubwa wangu, shikamooni.

Ninaishi Arusha, upande wa Sakina, na huu ni mwaka wa sita tangu nianze kuchonga picha kwenye linoliamu (lile tandiko laini la sakafuni) na plaiwudi kisha kuzipiga chapa kwenye karatasi. Mashine sina. Ninatandaza wino kwa rola juu ya kioo cha dirisha kuukuu, ninaupaka kwenye ubao niliouchonga, ninalaza karatasi juu yake, halafu ninausugua mgongo wa karatasi kwa mwiko wa mninga ambao mama alinipa nilipohama nyumbani. Picha ya sentimita 30 kwa 40 hunichukua kama dakika 20 za kusugua tu, na mkono ukichoka kabla kazi haijaisha, weusi hutoka na mabaka ya kijivu kama kichwa chenye mapunye.

Mwezi uliopita mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Njiro alinunua chapa yangu ya wanawake wanaoshusha mikungu ya ndizi katika soko la Kilombero. Chini ya picha nilikuwa nimeandika kwa penseli 4/20, jina la kazi, saini na mwaka, kama nilivyofundishwa. Alilipa shilingi 120,000 bila kuomba punguzo, akaiweka kwenye fremu, akafurahi. Wiki mbili baadaye alirudi nayo ikiwa na fremu na kila kitu, kwa sababu alikuwa ameona picha hiyohiyo sebuleni kwa rafiki yake, ikiwa na 9/20. Aliniambia, "Mwanangu, umeniuzia fotokopi." Nilijaribu kumweleza, lakini kila neno nililoshika lilinigeuka: nikisema "hii ni nakala ya 4 kati ya 20," nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, nikisema "hii ni halisi," ananiuliza zile 19 nyingine ni nini. Nilimrudishia fedha zake.

Naomba basi mnisaidie, kwanza, kuelewa kwa nini kazi hii huitwa halisi ilhali ziko 20, na kwa Kiswahili gani mtu anaweza kulieleza jambo hilo likaeleweka mlangoni kwa mteja. Pili, ninakusudia kutengeneza kitabu kidogo chenye picha 12 zinazofuata safari ya mkungu wa ndizi kutoka kihambani hadi sokoni, chenye maneno machache sana, chote kikiwa kimepigwa chapa kwa mkono, vitabu 30 tu. Ninaogopa nisije nikarudi palepale. Na karatasi ni tatizo jingine, maana manila ninazonunua kwenye maduka ya steshenari zilizobaki ukutani kwangu zimekuwa na rangi ya chai kabla ya mwaka kwisha.

---

Mwalimu wa Sanaa, Moshi amejibu:

Ndugu Mchongaji, pole kwa yaliyokupata, ingawa ninadhani ulimrudishia fedha mapema mno.

Fotokopi inaanzia kwenye picha ambayo imekwisha kamilika mahali fulani: kuna karatasi ya kwanza, na nyingine zote zinaiga ile. Katika kazi yako karatasi hiyo ya kwanza haipo. Huwezi kumwonyesha mtu "ile yenyewe" uliyoiiga, kwa sababu ubao wako si picha. Umegeuka kushoto kulia, hauna karatasi, na ukiutundika ukutani utakuwa umetundika ubao wenye mashimo. Picha inazaliwa pale tu karatasi inapobanduliwa, na imezaliwa mara 20 kwa mkono wako. Mfugaji wa Monduli akipiga chapa ng'ombe 40 kwa chuma kimoja, hujasikia mtu akiuliza ng'ombe yupi ndiye aliyepigwa chapa halisi na yupi amepigwa nakala. Hata mama huyo wa Njiro, nina hakika, ana kanga kabatini ambazo pindo, mji na jina vyake vinafanana na za wanawake wengine mia, naye hajawahi kuzirudisha dukani.

Hata hivyo nisingependa uamini kwamba ile 4/20 ndiyo inayoifanya kazi kuwa halisi, kwa sababu desturi hiyo ni changa. Mchoraji Albrecht Dürer alipochora kifaru wake mwaka 1515 akiwa Ujerumani, kwa kutegemea barua na mchoro wa mtu mwingine tu, hakuandika namba wala hakusaini kwa penseli. Picha hiyo ilipigwa chapa kwa maelfu, na ubao wenyewe uliendelea kutumika muda mrefu baada ya yeye kufariki mwaka 1528, hadi ukapasuka. Chapa za mwishomwisho unazitambua kwa mstari mweupe uliokata miguu ya mnyama na vitobo vya dumuzi waliokula mti. (Kifaru mwenyewe alikuwa wa India, mwenye pembe moja puani, naye Dürer akamwongezea kipembe kingine begani. Sisi tunaowaona Ngorongoro tunaruhusiwa kucheka, lakini kwa adabu, kwani Ulaya ilimwamini kifaru yule kwa zaidi ya miaka 200.)

Kilichoweka mpaka wa idadi zamani ni kifaa chenyewe. Ukikwaruza bamba la shaba kwa sindano, ncha inaacha ukingo wa metali uliosimama pembeni mwa mstari, na ukingo huo ndio unaoshika wino na kutoa weusi laini kama mahameli. Ukipitisha bamba kwenye mtambo mara chache tu ukingo unaanza kulala, na kabla ya kufika chapa 50 uzuri wake umekwisha. Hapo mwenye chapa ya 3 na mwenye chapa ya 45 hawana kitu kimoja, na mnunuzi alikuwa na sababu ya kuuliza yake ni ya ngapi. Katikati ya karne ya 19 mafundi waligundua namna ya kuifunika shaba kwa utando mwembamba wa chuma, bamba likawa halichoki, na ndipo, karne hiyo ikielekea ukingoni, wasanii na wafanyabiashara wakaanza kuweka mpaka kwa makubaliano: nitapiga 20, nitaandika namba, nitasaini, kisha nitaliharibu bamba. Kwa hiyo namba unayoandika ni ahadi. Haisemi kwamba ya 4 ni bora kuliko ya 9, na kwa linoliamu au mti kwa kweli hazitofautiani, kwani ubao uliochongwa vizuri unaweza kutoa mamia.

Kuhusu maneno, ninakushauri uachane kabisa na "nakala" unapozungumzia picha. Sema "chapa ya mkono, ya 4 katika toleo la chapa 20." Zile ulizopiga kwa kujaribu wino kabla ya toleo ziite chapa za majaribio, uziandike hivyo kwa penseli. Wala usidhani unamletea mteja mambo ya kigeni mno. George Lilanga, ambaye watu wanamjua kwa mashetani yake ya rangi, alifanya pia chapa za mabamba ya metali pale Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Na John Muafangejo, aliyefariki mwaka 1987 huko Namibia, alijijengea jina takriban lote kwa linoliamu nyeusi na karatasi nyeupe, akichonga maneno ndani ya picha hiyohiyo. Kazi zao ziko katika makumbusho, na hakuna anayeziita fotokopi.

---

Mnunuzi wa Kawaida amejibu:

Ninamheshimu Mwalimu, na mfano wa ng'ombe umenichekesha, lakini ninaona amemjibu mchongaji, hajamjibu mama wa Njiro. Mimi hununua picha pale uwezo unaporuhusu, za rangi na za karatasi, na sijali kama ziko 20 au 50 mradi nimeambiwa kabla sijatoa fedha. Je, mama huyo aliambiwa? Au aliona 4/20 kwenye kona, akadhani ni tarehe? Kama hakuambiwa, basi alikuwa na haki ya kuudhika, hata kama neno alilotumia halikuwa sahihi.

Swali langu la pili ni gumu zaidi, na ningependa mchongaji alijibu mwenyewe. Mwalimu anasema namba ni ahadi. Nitajuaje kwamba ahadi hiyo inatimizwa? Ubao wenyewe uko wapi leo? Nikilipa 120,000 kwa sababu ziko 20, halafu mwakani, ada ya shule ikikubana, ukapiga nyingine 10, nani atajua?

---

Mchongaji wa Sakina amejibu:

Nimesoma swali hili jana usiku, nikalala nalo. Mama hakuambiwa. Nilidhani anajua, na sikutaka kuonekana ninajitetea kabla sijashtakiwa.

Kuhusu ubao, uko chini ya kitanda changu, umefungwa kwenye kitenge. Nimekuwa nikishindwa kuuharibu kwa sababu niliuchonga kwa wiki tatu, na sehemu ya majani ya migomba iliyo upande wa kushoto sijawahi kuchonga kitu kizuri kuliko hiyo. Na niseme kweli yote: baada ya kufikisha 20 nilipiga mbili zaidi, moja ya rafiki aliyekuwa anaoa na nyingine ya kwangu, ambazo sikuziandika namba yoyote. Nilijiambia kuwa zawadi haihesabiki. Sasa ninaona kwamba ndiyo mlango ambao Mnunuzi anaouzungumzia.

---

Mwalimu wa Sanaa, Moshi amejibu:

Mnunuzi amenifunga bao, nami nakubali.

Zile mbili ziandike leo kuwa chapa za msanii, 1/2 na 2/2, yaani zile chache anazojiwekea nje ya toleo, ambazo kwa desturi hazizidi sehemu moja ya kumi ya toleo. Mwombe rafiki yako ile yake uisaini upya, ukimweleza sababu. Kisha ubao uukate mstari mmoja kutoka kona hadi kona kwa patasi yenye mdomo wa V, upige chapa moja ya ubao huo uliokatwa, na chapa hiyo uihifadhi pamoja na rekodi zako. Hiyo ndiyo hati yako mbele ya mteja: unamwonyesha picha ikiwa na jeraha, naye anajua hakuna nyingine itakayotoka. Wako wasanii ambao hawakufanya hivyo, na wengine walifariki kabla ya kuamua chochote. Mabamba 80 ya mchoraji Mhispania Goya kuhusu maovu ya vita yalipigwa chapa kama toleo kwa mara ya kwanza mwaka 1863, wakati mwenyewe alikwisha fariki mwaka 1828, na hadi leo watu hubishana ni ipi kati ya chapa hizo inayostahili jina lake. Hutaki watoto wako waachiwe ubishi huo chini ya kitanda.

Kama kuukata ubao kunakuuma, iko njia ambayo ubao unajiharibu wenyewe. Unaamua kuanzia mwanzo kwamba toleo ni 20, unachukua karatasi 26 kwa sababu kadhaa zitaharibika, unachonga sehemu zinazopaswa kubaki nyeupe, na kuzipiga zote 26 kwa manjano. Kisha unauchonga ubao uleule tena, ukiondoa sehemu zitakazobaki za manjano, unazipiga zote kwa kijani; unachonga tena, unapiga kahawia; na mwisho kinachobaki juu ya ubao ni vijiti vichache vya weusi. Picasso alifanya kazi nyingi za linoliamu kwa njia hii huko kusini mwa Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa amekwisha pita umri wa miaka 75. Ukimaliza, hata ukitaka kupiga ya 21 huwezi, kwa sababu ule ubao wa manjano haupo tena duniani. Ugumu wake ni kulenga: karatasi ikisogea milimita moja katika rangi ya tatu, mkungu wako wa ndizi utakuwa na kivuli upande usio na jua. Pigilia kona mbili za mbao nyembamba juu ya meza, ubao ukae humo daima, na karatasi iguse misumari miwili ileile kila mara.

---

Fundi Fremu amejibu:

Mimi nina kibanda cha fremu Kaloleni, na nitajibu la karatasi peke yake, kwa sababu hilo ndilo linalonifikia mkononi watu wakiwa wamekwisha chelewa.

Manila inageuka rangi ya chai kwa sababu imetengenezwa kwa rojo la mbao. Ndani ya mbao kuna kitu kinachoitwa lignini, kinachoshikamanisha nyuzi za mti, na kikipigwa na mwanga na hewa kinabadilika rangi na kuzaa tindikali, nayo tindikali inazikata nyuzi za karatasi hadi inavunjika kama mkate mkavu ukiikunja. Kuwa nyeupe dukani si dalili ya chochote. Chukua ukanda wa karatasi unayotaka kununua, uweke dirishani upande wa jua, na juu yake weka sarafu. Baada ya wiki mbili inua sarafu. Ukiona duara jeupe katikati ya karatasi iliyopauka au kuwa njano, hiyo ni karatasi ya kufungia maandazi. Kipimo hiki hakina gharama, nami nimewahi kumwokoa nacho mteja aliyekuwa ameagiza rimu nzima.

Unachotafuta ni karatasi ya pamba kwa asilimia 100, isiyo na tindikali. Haipatikani Arusha kila siku. Watu huagiza Nairobi au humtuma anayesafiri. Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili bila kulipa jina: misahafu ya Siyu, katika kisiwa cha Pate, iliyoandikwa kwa mkono katika karne za 18 na 19, ilitumia karatasi za Italia zilizotengenezwa kwa matambara, na ukiziinua kwenye mwanga unaona alama ya miezi mitatu michanga iliyopangwa kwa ukubwa. Imepita miaka ya joto la bahari na wadudu, na kurasa zake bado zinafunguka.

Lakini lipo tatizo ambalo hujaliuliza. Karatasi ya pamba ya gramu 300 ni nene, na mwiko wako hautaweza kuusukuma wino ndani yake ikiwa kavu. Ama uiloweshe kidogo jana yake, uibane katikati ya nailoni pamoja na karatasi nyingine ili unyevu ugawanyike sawa, na uikaushe juu kwa taulo kabla ya kuipiga. Ama utumie karatasi nyembamba za Kijapani zinazotengenezwa kwa magome ya mti wa jamii ya mforosadi. Hizo ni nyepesi kama karatasi ya kufungia zawadi, ila zina nyuzi ndefu, hazichaniki, na ukizisugua unauona wino ukijitokeza kwa nyuma, hivyo unajua umefika wapi. Nimesikia pia wanaotengeneza karatasi kwa nyuzi za migomba huko Kilimanjaro. Kwa kitabu chako cha ndizi jambo hilo linavutia sana, lakini muulize mtengenezaji kama amezichemsha nyuzi kwa magadi ya kutosha na kuzisuuza hadi maji yakawa safi, na kipimo cha sarafu kifanye hata kwa hiyo. Mimi ningeitumia kwenye jalada, si ndani.

Na chapa ya yule mama, kama bado unayo, itoe kwenye fremu leo. Nitashangaa kama aliyeitengeneza hakuigandisha kwa selotepu juu ya hardibodi. Hardibodi inatoa tindikali yake taratibu kwa nyuma, na kioo kikigusa karatasi moja kwa moja, asubuhi za ukungu za Juni na Julai zinaacha maji hapo katikati, na ukungu wa kuota unafuata. Weka kadi isiyo na tindikali nyuma na mbele ili kioo kisiguse, na uishikize juu kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba vilivyopakwa gundi ya wanga wa ngano, ambayo mtu akitaka kuiondoa baada ya miaka 30 anaitoa kwa maji tu.

---

Mzee wa Matbaa amejibu:

Vijana wangu, nimewasoma. Nilifanya kazi ya kupanga herufi za risasi kabla kompyuta hazijatuondoa kazini, na sasa nimetulia Moshi nikifunga vitabu vya watu kwa mkono. La kitabu halijajibiwa, nami ningependa kulijibu kwa kirefu kidogo.

Mchongaji anaogopa kwamba kitabu kitamrudisha palepale kwenye "nakala." Ninaona kinyume chake. Neno hilo, likiwekwa mbele ya picha, ni tusi. Likiwekwa mbele ya kitabu, ni heshima. Hakuna mtu aliyewahi kwenda dukani akadai apewe kitabu halisi asipewe nakala ya kitabu. Tunasema "nipe nakala moja" na hakuna anayeona haya. Kwa hiyo picha zako 12 zikiingia ndani ya kitabu, mteja uleule aliyekataa chapa ya 4 atapokea nakala ya 4 bila ugomvi, na huenda akauliza kama ya 1 bado ipo. Hiyo ni tabia ya lugha yetu, itumie. Hata namba yenyewe si lazima. Mwaka 1963 msanii Mmarekani Ed Ruscha alitoa kitabu chembamba cha picha za vituo vya mafuta, nakala 400 zikiwa na namba. Alipokichapa tena miaka ya baadaye aliziacha namba kabisa, kwa kuwa alitaka kiwe kitu cha kawaida mkononi mwa mtu. Wewe uko upande wa pili, kwa vile vyako vitakuwa 30 vya mkono, ziweke.

Kwa umbo, ninakushauri kitabu cha marinda, yaani karatasi moja ndefu iliyokunjwa huku na huku kama sketi ya shule. Safari ya mkungu ni kitu kirefu, inafaa msomaji akikikunjua aione yote mezani, mgomba ukiwa kushoto na soko likiwa kulia. Mwaka 1913 mjini Paris, mchoraji Sonia Delaunay na mshairi Blaise Cendrars walitoa kitabu cha namna hiyo kuhusu safari ya treni, ambacho kikikunjuliwa kinafika takriban mita 2. Walikusudia nakala 150, ili zikiunganishwa zote zilingane na urefu wa mnara wa Eiffel.

Sasa tupige hesabu. Karatasi kubwa ya pamba inayouzwa mara nyingi ina sentimita 56 kwa 76. Ikate kwa urefu upate mikanda mitatu ya sentimita 18, na zile 2 zinazobaki zitakuwa za kujaribia wino. Kila mkanda una sentimita 76: kurasa tano za sentimita 15, jumla 75, na sentimita moja inayobaki ni ulimi wa kugandishia mkanda unaofuata. Mikanda mitatu inakupa kurasa 15. Picha 12, ukurasa wa jina, ukurasa mmoja mtupu wa kupumulia, na wa mwisho wa taarifa. Karatasi moja, kitabu kimoja, bila kutupa chochote. Nunua 36, kwa sababu sita utaziharibu hata ukiwa hodari. Kabla ya kukata, tafuta mkondo wa nyuzi: kata kipande kidogo cha mraba, kiloweshe upande mmoja, na kitajikunja chenyewe kikionyesha nyuzi zinaelekea wapi. Mikunjo yako ni lazima ifuate mkondo huo. Ukikunja kwa kuukata, mgongo wa mkunjo utapasuka na wino mweusi utabanduka hapohapo kama rangi ya ukuta.

Piga chapa kwanza, mikanda ikiwa imenyooka, na kukunja kufuate baadaye. Na usikunje mapema. Wino wa mafuta haukauki kwa maji kuondoka. Unakauka kwa mafuta kushika hewa na kugeuka kuwa utando, na kwa baridi ya Arusha ya Julai utahitaji zaidi ya wiki moja. Hapa Moshi tuko chini zaidi na kuna joto, unakauka upesi. Tandaza wino kidogo kuliko unavyofikiri. Isikilize rola: wino ukiwa mwingi inafyonza kama mtu anayetembea kwenye matope, na ukiwa sawa inatoa mlio mwembamba, mkavu kidogo, kama mvua inayoanza kwenye majani ya mgomba. Sisi matbaani tulikuwa tukijua kwa sikio kabla ya kutazama.

Ule ukurasa wa mwisho usiudharau, kwani ndiyo jibu la Mnunuzi. Andika hapo karatasi gani imetumika, wino gani, herufi zimechongwa na nani, vimetengenezwa vitabu vingapi, mwezi na mwaka, na mbao zimefanywa nini baada ya kazi. Chonga maneno hayo, usiyaandike kwa kalamu. Namba na saini tu ndizo ziwe za penseli. Mtu aliyekwisha kuchapa sentensi isemayo "mbao zote zimekatwa" ndani ya vitabu 30 vilivyosambaa kwa watu 30 hana tena pa kujificha, hata ada ya shule ikimbana.

Ninayo presi ndogo ya skrubu niliyokuwa nikibania majalada. Kwa mkanda wa sentimita 18 inatosha, ukurasa mmoja mmoja, na itakuondolea zile dakika 20 za mwiko. Panda gari uje Jumamosi, uniandikie kwanza kwa ujumbe wa faragha. Njoo na karatasi tatu tu za kujaribia, na huo ubao ulio chini ya kitanda uje nao pia.

---

Mchongaji wa Sakina amejibu:

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Jumamosi hii tuna msiba nyumbani Usa River. Nitakuja ile inayofuata, nikiwa na ubao. Ninaomba tu tuupige chapa moja ya mwisho, ya kumbukumbu, kabla ya patasi; Mwalimu aniambie kama nayo niiandike namba.

Fundi, ile chapa ilikuwa imegandishwa kwa selotepu, pande zote nne. Manila nimeiweka dirishani jana, na juu yake sarafu ya shilingi 200.

---

Mwalimu wa Sanaa, Moshi amejibu:

Usiipige hiyo ya mwisho. Piga ile yenye mkato.